Mama yangu, hospitali, na ile asteroid iliyosemekana inakuja kuipiga dunia

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Wale wa kusema "chai" naomba leo mpumzike. Natamani hii ingekuwa chai, hadithi ya kutunga tu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia kwenye sekondari moja hapa Moshi. Mama yangu aliishi Machame kwenye kihamba chetu, yaani shamba la ukoo, yeye na migomba yake na ng'ombe wake wawili. Baba alishatangulia. Tumezaliwa wawili tu, mimi na dada yangu Aika, anayeuza maharage sokoni Sanya Juu.

Aika ndiye aliyegundua. Alimpelekea mama gauni, akawa anamsaidia kulijaribu, mkono ukagusa kitu kigumu kwenye titi.

Tukampeleka hospitali akiwa analalamika njia nzima. Majibu yakaja: saratani, ila imewahiwa. Daktari akasema akifanyiwa upasuaji haraka ana nafasi nzuri. Akapangiwa tarehe.

Sasa wiki hiyohiyo ndiyo habari za asteroid zikavuma.

Kwa ambao hawakufuatilia: wanasayansi walikuwa wameona jiwe jipya angani. Kwa viwango vya huko ni dogo, kama jengo la ghorofa hivi. Linazunguka jua kama sisi, ila njia yake imevutika kama yai, kwa hiyo linapozunguka hukatiza karibu na njia ya dunia. Hesabu za mwanzo zikaonyesha kuna uwezekano mdogo wa kutugonga, tena miaka kadhaa mbele.

Clip iliyoingia kwenye group la maombi la mama haikusema hivyo. Ilisema ni mwaka huu. Moto, milima inapasuka, na muziki wa kutisha juu yake.

Jumamosi nikapanda Machame. Nikamkuta anakata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hospitali siendi."

"Kwa nini tena?"

"Nikatwe titi la nini, na jiwe linakuja? Acha nife na mwili wangu mzima."

Sikumcheka. Mama yangu hakuwa mjinga, na hilo naomba mlielewe kabla hamjaanza kukomenti. Nikamweleza kwamba si mwaka huu, na kwamba wakizidi kulipima, uwezekano utashuka mpaka uishe.

"Haya," akasema. "Tutaona."

Wakuu, siku chache baadaye redio ikatangaza uwezekano UMEPANDA.

Akanipigia mwenyewe. "Mwalimu, ulisema utashuka."

Siku zote aliniita baba. Aliponiita mwalimu nikajua kazi ipo.

Nikapanda tena, nikamkuta na panga kwenye migomba. Nikamwambia, "Mama, tuseme ng'ombe wa mtu amekata kamba. Mwanzo tunajua tu kwamba kaingia kwenye kihamba kimoja kati ya hamsini, na chetu kimo. Tukiuliza watu, vinabaki kumi, na chetu bado kimo. Hapo uwezekano umepanda, na ng'ombe hata hajasogea. Ni sisi tumejua zaidi. Tukiuliza tena tunakuta yuko kwa jirani, basi kwetu inakuwa sifuri."

Akaweka panga chini. Akafikiri kweli.

"Na kama yuko kwetu?"

Swali lilikuwa halali kabisa. Huwezi kusema sifuri kabla haijawa sifuri.

"Basi tutajua mapema," nikamwambia.

"Basi na mimi nasubiri nijue."

Tarehe ya upasuaji ikapita. Aika alimpigia magoti, akalia mpaka sauti ikakauka. Mchungaji alikuja, mama akamkaribisha bakuli la mtori, wakaongea habari za kwaya, mchungaji akaondoka. Hospitali wakapanga tarehe nyingine. Nayo ikapita.

Baadaye vipimo vya lile jiwe vikaongezeka, obiti yake ikajulikana vizuri, na uwezekano ukaporomoka. Jiwe litapita pembeni na safari zake. Nilipanda Machame siku hiyo nikiwa na furaha kama mtu aliyefaulu mtihani. Nikamwonyesha simu, nikamsomea neno kwa neno.

"Mungu ni mwema," akasema.

Ila usoni hakukuwa na furaha, wakuu. Alikunja kanga yake mapajani, akaikunjua.

"Huyu ng'ombe mkubwa anakaribia kuzaa," akasema. "Nikiondoka nani atamwangalia?"

Ndipo nikashtuka: jiwe limeondoka, na bado haendi.

Alikubali kwenda mkono ulipovimba. Daktari alipima, akatuita mimi na Aika pembeni. Ilikuwa imesambaa. Kukata hakungesaidia tena.

Tulimuuguza nyumbani. Mchana mmoja namnywesha uji, akaniambia:

"Baba, lile jiwe sikuliogopa sana. Dada yangu aliingia kukatwa akitembea na miguu yake, akatoka amefunikwa shuka. Mimi niliogopa kisu."

"Mama, mbona hukusema?"

"Ulikuwa unaeleza vizuri. Nilipenda kukusikiliza." Akameza uji. "Na wakati unaeleza, hakuna aliyekuwa ananiuliza habari za kisu."

Tumemzika kihambani, pembeni ya baba. Ng'ombe wote wamechukuliwa na Aika.

Nilichojifunza ni hiki. Mtu akishikilia hofu ya kitu kilicho mbali, usimalize nguvu zako zote kumthibitishia kwamba hakiji. Kaa naye. Muulize ni nini kilicho karibu kinachomtisha. Kila nilichomwambia mama kuhusu lile jiwe kilikuwa sahihi, mpaka mwisho kikathibitika, na hakikumsaidia chochote.

Mjadala uko wazi. Ila kabla ya yote, kama humu kuna aliyewahi kumtuliza mzazi anayeogopa kisu, akakubali mapema, aandike hapa alimwambia nini hasa. Kuna mtu anasoma uzi huu sasa hivi, na mzazi wake bado ana tarehe.