Mikono Nje ya Zamu

Jumapili ile sikuwa zamu. Nilikuwa mkunga wa zahanati, mgeni kutoka Kusini, nimevaa gauni la kanisani, natembea kwenda Nyansurura kumsalimu rafiki. Nikipita kijiji kimoja kipya cha ujamaa, bibi mmoja wa Kikurya aliyenijua kliniki akanikimbilia. Mke wa mwanawe alikuwa amejifungua, kondo la nyuma halijatoka, damu haikati.

Nilimkuta kwenye ngozi ya ng'ombe, midomo myeupe. Hospitali ilikuwa mbali, na trekta la kijiji lilikuwa limewapeleka viongozi mkutanoni. Sikuwa na glovu wala dawa. Nikaomba maji yaliyochemka na sabuni, nikasugua mikono hadi viwiko, nikalitoa kondo kipande kwa kipande, kisha nikakanda tumbo mpaka kizazi kikakaza. Damu ikakata. Trekta liliporudi jioni nilipanda naye hadi hospitali.

Alishikwa na homa, akalazwa wiki mbili, akapona. Homa hiyo ilimpa kazi bwana mmoja wa ofisi ya afya, ambaye sikuwahi kumwona ameshika mgonjwa hata mkono. Akaniita, hakunikaribisha kiti. Akanisomea makosa yangu: kutoa huduma nje ya kituo, nje ya zamu, bila kibali, bila vifaa. Alisema familia ikishtaki nitasimama peke yangu. Familia yenyewe ilikuwa imeniletea jogoo.

Nikamwomba anionyeshe sheria inanitaka nifanye nini. Akapekua kitabu cha kanuni: likizo, sare, matunzo ya baiskeli ya serikali. Kifungu cha kumlinda mtumishi aliyeokoa mtu njiani hakikuwemo, na kukosekana kwake hakukumsumbua hata kidogo.

"Kwa hiyo, ndugu," nikasema, "nikimkuta mtu anakufa siku yangu ya mapumziko, nifanyeje?"

"Unatoa taarifa."

"Kwa nani?"

"Ofisini. Saa za kazi."

Hakuwa anatania. Nilitazama kalamu zake tatu mfukoni, nikatoka.

Barua ya onyo ilikuja na uhamisho wa kwenda Ikoma. Iliandikwa kwamba nilimtoa mama huyo "kondoo la nyuma". Nilicheka peke yangu, nikatia saini, nikafunga sanduku.

Lakini barua ile ilisomwa na wauguzi wote wa wilaya, kwa agizo la yule bwana. Miezi michache baadaye muuguzi mwenzangu, binti mwema, alikuwa kwenye lori lililosimama penye mtu aliyepigwa pembe na fahali. Watu wakauliza kama kuna mganga. Yeye akasema ni mwalimu. Mtu yule alikufa palepale, na binti huyo akaja kunisimulia akilia.

Kwa kondoo nilimdharau tu yule bwana. Kwa hili sijamsamehe.