Mji Usio na Mtu Mchana

Mdogo wangu anakaa kwenye mji mkubwa karibu na London, na ukimuuliza mji wake una nini, atakwambia treni ya kuutoka inapita saa ngapi. Si yeye peke yake, jirani zake wote wako hivyo. Wana hospitali kubwa, wana mto wenye bata, wana jumba la maduka la kuwatosha watu wote wa Garissa na mizigo yao. Lakini sifa wanayojivunia ni kwamba unaweza kuondoka upesi.

Hiyo ndiyo ilikuwa silaha yangu. Mdogo wangu alitaka Mama ahamie kwake, na mimi nilitaka abaki nami Birmingham, pale Balsall Heath, ambako ameishi tangu tutoke Nairobi. Nyumba yetu haikosi mtu. Wasomali wenzetu wa Kenya, Wakongo wa mtaa wa pili, mama mmoja wa Tanga aliyekuja kuazima sufuria akakaa mpaka magharibi: wote huingia, wote hula, na mpishi ni Mama. Nilijua hawezi kuishi pasipo na watu. Basi nikamwambia twende tukauone huo mji kwanza, na nikachagua Jumatano kwa makusudi, maana Jumamosi mji huwa na watu.

Mdogo wangu alichukua ruhusa kazini akatupokea stesheni. Wenyeji walikuwa wameshaondoka zamani kwenda kazini London. Nikasema tutembee, na nikamtembeza Mama mtaa baada ya mtaa kwa furaha ya mtu mwenye kesi nzuri. Mapazia yamefungwa, magari hayapo. Kiumbe wa kwanza tuliyekutana naye alikuwa paka. Wa pili alikuwa kijana wa kuleta vifurushi, na alivyofurahi kuona binadamu, alitaka kutuachia vifurushi vya mtaa mzima.

"Unaona, Mama?" nikasema. "Hii place ni dead kabisa. Ukipiga hodi hapa mpaka kesho, nani atakufungulia?"

Tulipofika mtoni Mama alikaa kwenye benchi, akavua viatu. Sijawahi kumwona Mama akivua viatu barabarani. Nikajua huzuni imemwingia, hata nikaanza kumwonea huruma mdogo wangu.

"Hawa watu wanarudi saa ngapi?" Mama akamuuliza.

"Jioni, Mama. Wanarudi wamechoka, wanafunga mlango, basi," mdogo wangu akajibu kwa aibu.

"Na hawaji kwako?"

"Hawaji. Hata neighbour wa mlango wa pili simjui jina."

"Alhamdulillahi," Mama akasema.

Nilicheka nikidhani ananitania. Hakuwa na utani wowote.

"Mwanangu, mimi napika tangu niolewe. Baba yenu alikuwa hawezi kula peke yake, na wewe umemrithi. Unakutana na watu kwenye basi, unawaambia karibuni nyumbani, halafu unaniita jikoni. Mimi nataka kikombe kimoja cha chai, changu, nikimalize kikiwa moto."

Iliniuma, sitaficha. Miaka yote nimewaambia watu kwamba Mama wetu anapenda wageni, kumbe anayewapenda ni mimi. Mdogo wangu naye alikuwa anaangalia bata kwa bidii, asije akacheka.

Mama hakurudi nami Birmingham. Jioni walinisindikiza stesheni, na treni ya kutoka London ikawa inawamwaga wenyeji. Walitupita vichwa chini, hakuna aliyesema hata habari za jioni, na Mama akawatazama kwa mapenzi ambayo hajawahi kumwonyesha mgeni wetu hata mmoja. Nikamwambia nitakuja Ijumaa na marafiki wawili watatu, tumjulie hali.

Akanishika mkono, akanikumbatia.

"Njoo peke yako," akasema. "Na upige simu kwanza."