Siku Tuliyompa Mjerumani Maji Yote

Nimerudi Arusha juzi, rafiki yangu, baada ya kuzunguka Tanga, Mombasa na Dodoma kama mtu asiye na kwao. Lori lilinishusha karibu na mto Themi, na kabla sijanyoosha mgongo nikasikia mlio: pok, kimya kidogo, pok. Nyuma ya ua wa michongoma Wazungu wawili walikuwa wakipigiana mpira wa tenisi. Nilisimama pale na mzigo wangu begani, hasira ya utotoni ikanipanda upya. Sikujua kama bado ninayo yote.

Enzi za Mjerumani tuliishi juu ya Moshono, kwenye migomba. Asubuhi zangu zilikuwa kukata majani ya ng'ombe, huku harufu ya ndizi zinazochemka ikinifuata hadi kondeni. Mfereji ulitoka mtoni huko juu, ukapita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ilikuwa na siku yake ya maji. Siku yako ikifika, hata mzee wa ukoo hakuthubutu kuziba tundu la kuingiza maji shambani kwako. Chini kabisa mfereji uliishia kwa Mjerumani mmoja mwenye shamba.

Mjerumani huyo alitengeneza uwanja wa tenisi kwa udongo wa kichuguu, uliopondwa na mama zetu, akaitisha mashindano ya mataifa. Kiangazi kizima, kila Jumamosi, walikuja wanaume wanne wa Kigiriki, wanne wa Kikaburu, na wanne wa Kiingereza kutoka ng'ambo ya mpaka, wacheze na yeye na Wajerumani wenzake watatu, kila taifa na bendera yake. Taifa la kushinda mengine yote lingechukua kikombe cha fedha. Yeye alikwisha kukiweka barazani kwake kabla hajakitwaa. Jirani yetu, mtu wa utani, alisema Wazungu wamekosa ng'ombe, ndiyo maana wanachunga yai lisiloliwa. Tulicheka mpaka amri ya Mjerumani ilipokuja: udongo wa uwanja usipasuke, kwa hiyo maji yote ya mfereji yaende kwake hadi mashindano yaishe.

Maharage yetu yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa maua. Watu waliziba matundu yao nusunusu, kila nyumba ikiiba kidogo, na maji yaliyobaki yakatosha kujaza shimo la kunyunyizia uwanja. Baba hakutaka kuiba. Siku yake ilipofika, Jumamosi moja, alifungua tundu lote, mchana kweupe, kwa sababu ilikuwa siku yake. Nyapara wa Mjerumani akaja na watu wawili. Baba alilazwa juu ya pipa kando ya uwanja, akachapwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, na wachezaji wakangoja viishe ndipo waendelee. Mgiriki mmoja aligeuza uso. Wengine walikunywa bia yao.

Bibi, mama yake baba, alimpaka samli mgongoni bila kulia. Baba akasema labda mvua itawahi, maharage yatapona.

"Maharage nitapanda mengine, mwanangu," bibi akamjibu. "Mgongo huu sina mbegu yake."

Kesho yake akabeba kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, akaenda nyumba kwa nyumba. Desturi yetu iliruhusu mtu kumpa mwenzake siku yake ya maji, akiwa na arusi au msiba. Bibi aliomba siku za watu wote zikutane Jumamosi moja, ile ya Wajerumani na Waingereza, na zote apewe Mjerumani. Alimwambia kila mmoja wazi kwamba hatapata hata tone, na maharage yake yatakufa. Yule jirani wa utani akauliza kama anaruhusiwa kuja kutazama.

Jumamosi hiyo Wajerumani walibakiza mchezo mmoja tu washike kikombe. Juu kwetu kila tundu likazibwa kwa vigogo vya migomba na tope, na kule mtoni wanaume wakaondoa mawe yote yaliyopunguza maji. Mimi na bibi tulikaa mlimani, tunatafuna miwa. Maji yalishuka mekundu, yakajaza shimo, yakafurika, yakaingia uwanjani taratibu kama ng'ombe anayejua zizi lake. Mjerumani akarudi nyuma kuufuata mpira, akateleza, akakaa. Ule udongo uliopondwa kama unga ukawa uji. Waingereza walicheka sana, wakafunga mizigo. Safari yao ilikuwa ndefu, hawakungoja uwanja ukauke. Kikombe hakikupata wa kukichukua.

Nyapara alipanda akihema, akamuuliza bibi ni nani aliyefanya vile.

"Amri ilisema maji yote yaende kwa bwana. Leo tumetii wote, baba. Utampiga nani?" bibi akamjibu.

Aliyatazama yale matundu yaliyozibwa, nyumba hadi nyumba, akateremka. Jioni baba, amelala kifudifudi, alinitaka nimsimulie tena pale Mjerumani alipokaa kwenye tope. Nilimsimulia mpaka akalala.

Msimu ule tulikula ndizi asubuhi na ndizi jioni, na sijaonja tena chakula kitamu kama kile. Baadaye vita ikamwondoa Mjerumani. Sikumsikitikia wakati ule, wala leo.

Mfereji sasa ni mtaro mkavu, na watoto wa wale waliompa bibi siku zao wanashtakiana kwa ajili ya mipaka ya migomba. Mimi nami nimedhulumiwa huko nilikozunguka. Mara moja, kwenye shamba la mkonge kule Tanga, mwenzetu alipopigwa na msimamizi, nilipita mlango kwa mlango kambini kama bibi, nikiomba sote tukatae kazi siku moja. Kila mlango walinikaribisha vizuri, kisha wakaniuliza wao watapata nini.