Malkia wa Ghorofa Saba

Mimi natembea sana, miguu bado inakubali, na nikifika mtaa wa Saint-Josse, huku ughaibuni, lazima nipande kwa Maman Alphonsine, ghorofa ya saba, nipate chai. Ni mama wa Likasi, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi. Miaka ishirini na mitatu sasa anapanda tramu kwenda Berchem kuogesha wazee wa Kizungu, na wazee wale humlilia akienda likizo. Mkubwa wa kitu hakuwahi kuwa, hadi Januari hii.

Katika jengo lao, kila Sikukuu ya Wafalme, wapangaji hula keki moja, Wakristo na Waislamu, na ndani mnafichwa kasanamu kadogo. Anayekauma anavishwa taji la karatasi, anakuwa mfalme, au reine, yaani malkia, na mwaka mzima anashika ufunguo wa sale, ule ukumbi mkubwa wa chini. Mwaka jana mfalme alikuwa Papa Shafii, Mrundi wa Buyenzi. Mwaka huu ni jino la Alphonsine lililogonga.

Utawala ukaenda vizuri mpaka Februari, Kwaresima na Ramadhani zilipoanza siku moja. Kwa Ijumaa ya kwanza, saa kumi na mbili jioni, Donatien, mkubwa wa kwaya, anataka sale kwa sala ya Njia ya Msalaba. Saa hiyohiyo Shafii anaitaka kwa futari. Wakagombana kwenye korido hadi mwenye jengo akasema: kelele moja tena, sale naifunga kabisa.

Alhamisi, siku moja kabla, nipo kwenye chai yangu, Donatien akaingia.

"Maman Reine, siye tuko ba Katoliki sawa weye. Ufunguo iko yetu, non?"

"Ufunguo sikupewa na kwaya, tonton. Nilipewa na keki."

"Donc utatuacha inje na baridi hii?"

Shafii naye alikuwa amesimama mlangoni. "Mwaka jana niliwaachia Pasaka nzima. Sasa malkia ni wenu, sisi tutafuturu kati ya baiskeli pale korido."

"Kesho nitasema," Alphonsine akawajibu wote wawili.

Walipoondoka akatazama taji juu ya friji, akanigeukia. "Papa, harusi zetu na matanga yetu yote ni pale chini. Sale ikifungwa mikononi mwangu, nitaangalia batu namna gani?"

Akanisindikiza chini. Lifti imekufa tangu Noeli, basi tukawa tunapumzika kila pahali tambarare: mbele ya milango, kisha pale ngazi zinapopinda. Tulipofika chini akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Tumesimama mara quatorze, Papa. Na Njia ya Msalaba iko na vituo ngapi?"

"Kumi na vinne."

"Alors, nani alisema inataka sale? Inataka kutembea tu."

Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi.

Ijumaa picha za vituo zilikuwa zimebandikwa ukutani kuanzia ghorofa ya saba, na kwaya ikashuka ikiimba polepole. Donatien ni mtu mzito. Kila kituo anapiga magoti kwenye sakafu ya baridi, na kila kituo kuinuka kunachukua muda zaidi. Kituo cha saba kilikuwa mbele ya mlango wa Shafii. Shafii akatoka na sahani ya tende, akamtazama Donatien, akarudi ndani, akaja na mto wa kitanda.

"Weka magoti hapa, jirani. Ukifia mlangoni pangu watasema ni mimi."

Donatien akacheka katikati ya sala, kwaya nzima ikamfuata. "Merci, Papa. Lakini usiende mbali, bado saba."

Na kweli, Shafii akashuka nao, tende mkono huu, mto mkono ule, akiutandika kila kituo.

Chini, jua lilikuwa limekwisha kuzama. Waislamu wakala tende, wakaswali, kwaya ikingoja mlangoni kimya, ikisugua magoti. Kisha Rukiya, mke wa Shafii, akafunua sufuria: supu ya dengu bila nyama, maana Alphonsine alikwisha kumwambia Ijumaa ya Wakatoliki ikoje. Mwenye jengo alishuka kutafuta kelele, akapewa bakuli, akaomba la pili.

Alphonsine akavaa taji lake, ambalo mvuke wa supu ulililegeza likamwangukia sikioni.

"Maman Reine," Donatien akauliza, "ule mto, hadi Ijumaa ijayo unabaki kwangu?"

"Unabaki kwangu," akasema Shafii. "Wewe utausahau. Na wiki ijayo tunaanza mapema, mimi pia niko na magoti."