Mkono wa Odera na Bunduki ya Mashoto

Mwanangu, nakumbuka nyundo ikigonga debe tupu nyuma ya mgongo wa baba yako Odera, na moyo wangu ukaruka kana kwamba niliyegongwa ni mimi. Nianzie hapo, kwa sababu swali uliloniuliza juzi lilijibiwa asubuhi ile, katika chumba cha fundi wa bunduki pale Kisumu. Sisi wawili tuliolisikia jibu tulicheka.

Umeniambia umepata kazi ya kuwazuia wanyama wasiingie mashambani, na wakubwa wako wamekuachia uchague bunduki ya masafa marefu. Unataka ile ya mashoto, iliyotengenezwa kwa mtu wa mkono wa kushoto, kwa kuwa wewe ni wa kushoto kama baba yako, na umeniuliza kama ni chaguo jema. Odera alikuwa baba yako. Kwangu mimi alikuwa shemeji, mume wa dada yangu, na tulifanya kazi pamoja katika ofisi ya wanyamapori. Alipofariki wewe ulikuwa ukibebwa mgongoni. Mama yako alikuambia alifia majini, na hilo haliko mbali na kweli. Lakini mama yako hakuwa mtumbwini. Mimi nilikuwamo. Sijawahi kukusimulia yote kwa sababu kila nikianza, huishia kuzungumza mambo mengine.

Baba yako alizaliwa mtu wa kushoto, na kwetu jambo hilo halikupendwa. Mtoto akinyoosha mkono wa kushoto kupokea chakula alichapwa vidoleni. Babu yako alimchapa mpaka akajua kula na kusalimia kwa kulia. Lakini alipoishika bunduki, bega la kushoto ndilo lililoikubali, na hakuna aliyeweza kulichapa bega. Bunduki ya ofisi ilikuwa kuukuu, isiyo na darubini, na bolti yake ilikuwa upande wa kulia. Bolti, kama bado hujaizoea, ni kile chuma chenye kishikio unachokiinua na kukivuta nyuma ili ganda litoke na risasi nyingine iingie. Odera alifyatua kwa kushoto, kisha akaupitisha mkono uleule juu ya bunduki mpaka upande wa pili, akavuta, akasukuma, akaurudisha. Miaka mingi alifanya hivyo. Wenzetu walisema anafanana na mtu anayefukuza nzi usoni. Lakini alikuwa mwepesi, nisimpunguzie sifa yake.

Ndipo ukaja mwaka ule magugu yalipoziba ziwa. Karibu na Luanda Kotieno, katika ufuo mdogo wa wavuvi, mamba alimchukua mama mmoja aliyekuwa akisugua sufuria. Tulimwita Mama Apiyo. Kelele ilikuwa moja tu, wakasema wanawake waliokuwa naye, kisha magugu yakafunga tena kana kwamba hakuna kilichopita. Tangu siku hiyo watu walichota maji kwa debe lililofungwa kwenye mti mrefu, wamesimama mbali, mmoja akichota na mwingine akiangalia. Mimi nililipwa kwa kazi ya wanyama, na bado nilipopita karibu na maji yale nilihisi nyayo zangu zikitaka kurudi nyuma zenyewe.

Mwili haukupatikana. Moto wa matanga uliwaka nyumbani kwa marehemu, na watu wakalala nje kuuzunguka, lakini hapakuwa na wa kuzikwa. Wazee walimshauri mumewe azike tunda la yago, kama inavyofanywa mtu akipotea ziwani. Lile tunda refu huwekwa kaburini mahali pa mwili. Baba Apiyo alikataa.

"Mimi sikuoa tunda," aliwaambia. "Mamba yupo, mke wangu yuko ndani yake. Nileteeni mamba."

Tukatumwa mimi na Odera. Mamba mwenyewe tulimwona siku ya kwanza tu. Jua likipanda alitoka kuota kwenye mawe yaliyo mbali na ufuo, ng'ambo ya magugu, mahali ambapo ukikaribia kwa mtumbwi anakusikia mapema na kuzama. Odera alijaribu kutoka nchi kavu kwa ile bunduki kuukuu. Risasi ilirusha maji kando ya jiwe, na mamba akateremka bila haraka, kama mzee anayeondoka kwenye kikao kisichomhusu. Kesho yake ikawa hivyo hivyo.

Wavuvi walikaa juu ya mitumbwi yao iliyopinduliwa na kutuangalia.

"Omera, ndugu yangu, serikali imetuletea mtu wa kuamsha mamba," mmoja akasema.

"Mwacheni," akajibu mwingine. "Huyo analenga na mkono wa kuchambia, atapata nini?"

Walicheka. Odera pia alicheka, lakini nilimfahamu. Usiku ule hakula.

Tukarudi Kisumu. Mkubwa wetu alikwisha kupata ruhusa ya kununua bunduki moja ya masafa, na duka la silaha mjini lilikuwa na mbili zenye darubini. Moja ilikuwa ya kawaida. Nyingine iliagizwa na mkulima mmoja wa miwa aliyetumia kushoto, naye akahama kabla haijafika. Bolti yake ilikuwa upande wa kushoto. Odera aliishika, akaiweka begani. Kitako kilimkaa shavuni vizuri, na bolti ilikuwa pale pale mkono wake ulipo. Alinitazama na macho yamelowa kidogo. "Shemeji," akaniambia, "sijawahi kushika kitu kilichotengenezwa kwa ajili yangu."

Tuliruhusiwa kuzipeleka zote mbili kwa Mzee Ramadhani, fundi wa bunduki wa ofisi yetu, azikague kabla ya kuchagua. Alikuwa Mnubi wa Kibos, mtu mfupi, mwenye maneno machache na kofia isiyotoka kichwani. Alizifungua, akazitazama mitutu, akazifunga.

"Zote nzima," akasema. "Wewe Odera unataka gani?"

"Si unaiona, Mzee? Hii ya mashoto."

"Mamba wako unampiga lini?"

"Kesho kutwa. Watu wana matanga bila mwili."

Mzee Ramadhani akampa ile ya mashoto ikiwa tupu, akamwambia aelekee ukutani, avute bolti na kufyatua, avute na kufyatua. Odera alifanya vizuri kabisa. Mkono ulikwenda na kurudi kama maji. Ndipo mzee alipochukua nyundo na kulipiga debe nyuma yake kwa nguvu, akapiga kelele, "Vuta!"

Odera alishtuka. Mkono wake wa kushoto uliruka juu ya bunduki, ukagonga darubini, ukashuka upande wa kulia na kupapasa. Hapakuwa na kitu pale, ila mti laini.

Mimi nilicheka kwanza. Odera akafuata.

Mzee Ramadhani hakucheka. "Umeona mkono wako umekwenda wapi?" akamwuliza. "Bunduki hii ni yako, sikatai. Ichukue, kaa nayo miezi, vuta tupu kila asubuhi mpaka nikipiga debe mkono usikosee. Lakini kwa mamba wa kesho kutwa chukua ile nyingine. Mkono wako unaijua. Na hiyo darubini, kijana, ni ya mbali. Mnyama akiwa karibu utaona giza tu. Mamba akipigwa, msimwendee siku hiyo."

"Mzee, mimi nitampigia nchi kavu," Odera akasema. "Risasi moja. Nani atagonga debe huko?"

Mzee alimtazama, kisha akanitazama mimi. "Nyinyi vijana mnachagua bunduki ya kupigia," akasema. "Hamchagui ya kuogopea." Akarudi kwenye kazi yake.

Tukaondoka na ile ya mashoto.

Asubuhi ya kazi ufuo ulijaa. Hata watu wa matanga walikuja, na Baba Apiyo akasimama mbele yao bila viatu. Odera alilala juu ya gunia la mchanga, mimi nikalala kando yake na kuangalia kwa darubini ya mkono. Mamba alikuwa juu ya jiwe. Mdomo wake ulikuwa wazi. Nilisikia pumzi ya Odera ikitoka polepole, kisha mlio. Mamba aliruka, akajipinda, akalala nusu majini tumbo likiangalia juu. Odera akavuta bolti kwa utulivu, mahali pake hasa, akaingiza risasi nyingine. Nilijiambia Mzee Ramadhani amezeeka.

Watu walipiga yowe la furaha. Lakini Baba Apiyo hakupiga yowe. Alikuwa akiangalia mkia ukiteleza kidogo kidogo kwenye jiwe.

"Anazama!" akasema. "Yawa, jamani, anazama na mke wangu! Akizama chini ya magugu hatutamwona tena!"

Wavuvi wakasukuma mtumbwi. Odera alisita, na hilo namshuhudia. Alinitazama kama anayetaka nimwambie neno. Baba Apiyo akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Baba, nakuomba," akamwambia. "Nisaidie nizike mtu."

Wewe ungefanyaje, mwanangu? Tuliingia. Wavuvi wawili walipiga makasia, Odera alikaa mbele na bunduki, mimi katikati na kamba, Baba Apiyo nyuma yangu. Magugu yalikwaruza ubao wa mtumbwi, na kila yalipotikisika nilifikiri kuna kitu chini yake. Hofu ile siwezi kukupimia. Tulipofika karibu nilisikia harufu yake, harufu ya tope na nyama iliyokaa. Jicho lake lilikuwa wazi, na mimi nilidhani ni jicho la mfu.

Mvuvi aligusa mkia kwa kasia.

Maji yalipasuka. Mtumbwi uliinuka upande wangu ukaanguka. Mamba alikuwa amegeuka, na kichwa chake kilikuwa hapo, kwenye ubao wa mbele. Odera alifyatua, lakini alikuwa ameweka jicho kwenye darubini kama alivyozoea asubuhi ile, na risasi ikaingia majini. Ndipo nilipouona mkono wake. Uliruka juu ya bunduki, ukagonga darubini, ukashuka upande wa kulia, ukapapasa. Ulipapasa tena. Vidole vilitafuta kishikio mahali kilipokuwa miaka yote ile. "Kushoto! Kushoto!" nilipiga kelele, na sijui kama alinisikia.

Mamba alimshika begani akampeleka nje ya mtumbwi. Wavuvi walimpiga mnyama kwa makasia, Baba Apiyo akaruka majini na panga, akamkata usoni mara nyingi, naye akiita jina la mkewe. Mwishowe mamba akamwachia. Tulimvuta Odera ndani akiwa hai, na alikuwa hai mpaka ufuoni. Alisema, "Mwambie mama wa mtoto asinisubiri." Hakusema mengine.

Mamba alielea kesho yake akiwa amekufa, na risasi ya kwanza ilikuwa kichwani, mahali palepale ilipolengwa. Ndani yake walipata vya kutosha kuzika. Baba Apiyo akamzika mkewe, kisha akaja kwetu, akakaa chini na wafiwa mpaka matanga yakaisha.

Watu wengine watakuambia bunduki ilikwama. Haikukwama. Niliifungua mimi mwenyewe na risasi zilikuwa zikiteleza vizuri. Wengine husema bunduki ya mashoto ina mkosi. Huo ni uongo, na babu yako aliyekuwa akichapa vidole angeufurahia. Wala siwezi kuapa kwamba risasi ya tatu ingemwokoa baba yako. Sijui. Nakueleza nilichokiona tu.

Kwa hiyo, mwanangu, ukitaka ya mashoto, ichukue. Usikubali mtu akuambie mkono wako ni mbaya. Macho yabaki kwenye shabaha na mkono uende kwenye bolti bila kupita usoni, hiyo ni faida kubwa kwa mtu wa masafa. Lakini uniahidi haya. Umejifunza miaka yote kwa bunduki za kulia, kwa hiyo usiipeleke mpya kazini mpaka mwenzako amekushtua nayo ikiwa tupu, mara nyingi, siku ambazo hukutarajia, na mkono ukaenda mahali pake wenyewe. Mfundishe na huyo mwenzako kuivuta, maana mkono wake wa kulia utapotea kama wa baba yako ulivyopotea. Nunua darubini unayoweza kuipunguza ione karibu, au utafute bunduki yenye shabaha ya chuma pia, ile ya kulengea karibu bila darubini. Na mnyama uliyempiga mbali, mwache mbali. Watakuja watu na vilio vya kweli, watakushika mikono, watakuomba kwa majina ya wafu wao. Lia nao. Usiwafuate. Hili ndilo gumu kuliko yote, na sitakudanganya kwamba mimi leo ningeliweza.

Usione aibu kuogopa. Mtu akikuambia haogopi, usitembee naye. Unapoichagua bunduki hapo dukani, ukiwa umetulia na mwenye duka anakusifia, fikiria mtu utakayekuwa siku mikono inatetemeka, kisha umchagulie mtu huyo.

Mungu akuangalie unapokwenda na unapogeuka kurudi. Akupe wenzako wasiokukimbia. Mama yako akuone ukiingia mlangoni kwa miguu yako, leo na siku nyingi zijazo. Mimi nilimtupia udongo baba yako, na mkono wangu bado unausikia uzito wake. Nakuombea uishi uzeeke, na siku yangu ikifika, wewe ndiwe unitupie mimi, kwa mkono wowote utakaopenda.