Mama Kule na Tundu la Ramani

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho kilichoning'inia shingoni, lakini hakuna aliyehangaika kulisoma. Wafagiaji wenzake walimbatiza Mama Kule, kwa sababu kutwa nzima mdomo wake haukuisha kusema "kule." Kule kwenye bomba la maji, kata kushoto. Kule, pita nyuma ya gurudumu kubwa. Kule kuleee, ukiona foleni ya watu waliokunja sura, hapo hapo. Miaka kumi na minne aliifagia ile bustani ya burudani, kuanzia lango la tiketi hadi kwenye magari ya kugongana, na nadhani aliwaonyesha watu njia mara nyingi kuliko alivyookota vijiti vya aiskrimu. Na vijiti vya aiskrimu, niamini, vilikuwa vingi.

Kila mgeni alipewa ramani langoni. Ilipendeza, hilo silikatai: karatasi ya kung'aa, rangi tele, bembea zimechorwa kama zinacheka. Asubuhi watu waliishika kwa madaha. Ikifika adhuhuri, soda zikishashuka tumboni, waliikunjua, wakaigeuza, wakaichungulia, kisha wakainua macho kumtafuta mtu mwenye ufagio.

"Samahani mama, choo kiko wapi?"

Sasa mtu amebanwa, utamwambia subiri nimalize kufagia? Mama Kule hakuwa na roho hiyo. Alisimama akajibu, na aliyeuliza akiwa ni mzee, au mama mwenye watoto watatu na mikono miwili tu, aliuegemeza ufagio ukutani akamsindikiza.

Huko ndiko balaa lilikotokea. Alikuja msimamizi mpya, mtu wa haki lakini mtumwa wa daftari, akaweka sheria: mfagiaji atakayekutwa amesimama akipiga soga na wageni ataonywa, na onyo la tatu ni barua ya kuachishwa kazi. Mama Kule alipata onyo la kwanza kabla hajajua kuwa sheria ipo. La pili alilipata Jumanne, akimwongoza baba mmoja aliyembeba bintiye kwa mikono iliyonyooka, mbali na shati lake. Kila mzazi anajua maana ya kubeba mtoto hivyo.

"Mama, hii ni mara ya pili," alisema msimamizi.

"Bosi, wananiuliza choo. Nijifanye kiziwi?"

"Waambie wasome ramani." Msimamizi akachomoa moja mpya mfukoni, akaikunjua. "Choo hiki hapa. Cha pili hiki hapa. Chumba cha huduma ya kwanza hiki hapa. Vimeandikwa, vina picha. Unataka viimbe?"

Mama Kule akatazama. Kweli vilikuwepo. Akaona haya, maana siku zote alikuwa akiapa mbele ya wenzake kwamba ile ramani haina vyoo.

"Ya tatu sitaweza kukusaidia," msimamizi aliongeza kwa sauti ya chini, na ilionekana wazi kwamba hakupenda kulisema.

Nyumbani aliishi na mama mkwe wake. Mume alitangulia mbele ya haki miaka mingi nyuma, na watu walitegemea kwamba wale wanawake wawili wangegawana vyombo kila mtu ashike njia yake. Wao wakagawana vyumba viwili na jiko moja, wakaendelea kugombana kwa raha zao. Mshahara wa ufagio ndio uliowaweka pale. Miguu ya mama mkwe ilishagoma kuvuka kizingiti, ila ulimi wake bado ulifika hadi sokoni.

Jioni ile Mama Kule alimkuta bibi huyo amesimama mbele ya kabati la jikoni, mkono kiunoni.

"We mkaza mwana, chumvi yako imeshukia tena kwenye sukari yangu."

"Imeshukaje, mama?"

Inafaa mjue kwamba kabati lenyewe lilikuwa la mbao zilizoachana, na Mama Kule alikuwa na desturi ya kuokota ramani zilizotupwa, zile safi safi, na kuzitandika kwenye rafu. Karatasi nzuri ya bure, nani ataiacha?

"Imeshuka kwenye tundu," alisema mama mkwe. "Karatasi zako zote zina tundu. Ningesema ni panya, lakini mbona kila karatasi imetoboka palepale, katikati? Huko kazini kwenu mna panya mwenye rula?"

Mama Kule alicheka, mara ya kwanza siku ile. Kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Akazichomoa zile ramani kutoka rafu zote tatu, akaleta na nyingine zilizokuwa kwenye kikapu, akazitandaza kitandani. Zilikuwa kumi na moja. Kila moja ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mpaka ikachoka, na kila moja ilikuwa imechanika mahali pamoja, pale mikunjo inapokutana. Pembeni mwa matundu yalibaki maneno nusu: "huduma ya kw." Mengine yalikwenda na jasho la viganja.

"Mama," alisema polepole, "choo kimo kwenye tundu."

"Sasa ulitaka choo kiwe wapi?" mama mkwe akamjibu.

Kesho yake, kabla lango halijafunguliwa, alipanda ghorofani kwa mchoraji wa ramani, kijana mwenye miwani ambaye hawakuwahi kusemeshana zaidi ya salamu. Alipomweleza, kijana alifanya alichofanya msimamizi: akachukua ramani mpya kabisa, akaweka kidole.

"Mbona choo kipo, mama? Hiki hapa."

"Najua, mwanangu. Hiyo ni ya asubuhi. Hizi ni za mchana." Akammwagia mezani zile kumi na moja, nyingine zikinukia vitunguu vya kabatini.

Kijana akaishika ya kwanza, akaishika ya pili. Kufika ya tano, macho yalimtoka kama mjusi aliyebanwa na mlango. Yeye alikuwa akichora kwenye kompyuta, ramani ikiwa wazi, pana, imenyooka. Mashine ya kiwandani ndiyo iliyokunja. Vyoo vyote viwili na chumba cha huduma ya kwanza alivipanga katikati kwa nia njema kabisa, ili vionekane, na katikati ndipo karatasi inapokufa kwanza.

"Sijawahi kuikunja," alisema. "Miaka mitatu naichora, mama, sijawahi kuitia mfukoni hata siku moja."

Angeweza kubisha. Angeweza kusema wageni hawajui kutunza vitu, na nani angemsikiliza mfagiaji? Hakubisha. Alimvutia Mama Kule kiti, akachukua karatasi tupu, akaikunja kwanza, akaikunjua, ndipo akaanza kuchora, akiruka kila mstari wa mkunjo kama mtu anayeruka dimbwi. Mpaka leo Mama Kule humwombea dua kijana yule, na mimi naitikia amina, maana msomi anayekiri kosa bila kutafuta wa kumsukumia ni adimu.

Asubuhi tatu walizunguka pamoja kabla ya wageni kuingia, yeye na ufagio, kijana na kalamu. Mama Kule alimwonyesha njia panda ambapo kila mtu husimama kuduwaa, akamwambia aweke mshale. Alimwonyesha lango la nyuma ambalo ramani ililisahau.

"Na hili joka la umeme la kupandisha watu mbona umelichora kubwa hivi, vyoo vidogo kama punje?"

"Joka ndilo linaloleta watu, mama."

"Na choo ndicho kinachowafanya wabaki mpaka jioni."

Kijana akacheka, akavikuza vyoo.

Msimamizi alipoletewa habari hakupinga. Alisema Jumamosi ya wiki inayofuata, ramani mpya zikigawiwa, atasimama mwenyewe pale njia panda na daftari, lenye safu ya choo, ya lango, ya chakula na ya michezo, ahesabu wanaouliza. "Lakini tuelewane, mama. Wakiwa na ramani nzuri mkononi na bado nikakukuta umesimama na mgeni, basi kosa halikuwa la ramani."

Jumamosi Mama Kule alifagia karibu na ile njia panda. Saa tatu, hakuna. Saa tano, hakuna. Adhuhuri watu wakaanza kukunjua karatasi kama kawaida yao. Walichungulia, wakanyoosha kidole, wakakata kushoto. Familia nzima nzima zilimpita bila kumtazama. Alishukuru Mungu kimoyomoyo, na sitaficha, alisikia pia upweke kidogo.

Ndipo akaja mwanamke mmoja wa makamo, anatembelea mkongojo, ramani mkononi, anakuja moja kwa moja kwake. Mama Kule akainamisha kichwa, akafagia mahali palipokwisha kuwa safi. Kwa jicho la pembeni aliona msimamizi anachomoa kalamu.

"Samahani, mama."

Angeweza kujitia hamnazo. Aliwaza mama mkwe, akawaza vile vyumba viwili. Kisha akautazama ule mkongojo, akasimama.

"Bila samahani, dada. Nikusaidie nini?"

"Mwaka jana nilikuuliza choo hapa hapa. Nilikuwa nimetoka hospitali, miguu hainibebi. Ukaacha kazi yako ukanishika mkono, ukanisubiri nje, ukanirudisha kwa wanangu. Kwa haya nilizokuwa nazo niliondoka hata asante sikusema. Imenikaa moyoni mwaka mzima." Akainua ramani. "Leo njia ninayo. Nimekuja kukuuliza hali. Hujambo wewe? Nyumbani hawajambo?"

Mama Kule alifungua mdomo. Machozi yakamtangulia.

Msimamizi alikuwa ameshafika, kalamu juu ya daftari. "Mgeni ameulizia wapi?"

"Hajauliza njia, bosi," alisema Mama Kule, akijifuta kwa mkono wa sare. "Ameniuliza hali."

Msimamizi akazitazama safu zake nne, moja baada ya nyingine, kalamu ikienda na kurudi. Hakuna iliyofaa. Akalifunga daftari, akauchukua ufagio mkononi mwa Mama Kule.

"Basi mjibu mgeni, mama," akasema, na akaanza kufagia.