Samli ya Mdogo Wangu

Wajukuu zangu wakikosa nyama wanasema nyumbani hakuna chakula. Mimi nawaangalia tu. Maneno hayo niliyasikia wakati wa Wadachi, katika vita vyao, na wakati ule yalikuwa ya kweli.

Baba alikuwa amechukuliwa kubeba mizigo ya askari. Walimkuta shambani, akaliacha jembe palepale. Nafaka walikuwa wameshakuja kuibeba. Tukabaki kwenye tembe letu upande wa Ihumwa, mama, mimi, na mdogo wangu wa kike, ndiyo kwanza ameacha kunyonya. Mimi nilikuwa na umri wa kutwanga, si wa kuolewa.

Mama alikuwa mkali kwa habari ya chakula. Siku moja nilipepeta uwele nikataka kumwaga pumba, kama nilivyozoea. Akaninyang'anya ungo.

"Unamwagia nani?"

"Kuku, mama."

"Kuku tumeshawala. Saga na pumba zake."

Ugali ukawa mweusi, unakwaruza koo. Tulikula. Mlenda alikuwa ameuanika juu ya paa mvua zilipokuwa bado zipo, ukakauka, akauponda akauweka. Alikuwa akiupika kwa magadi, sufuria hatukuwa nayo, chungu tu, na kila mara mboga nyingi, ugali kidogo. Uji wa mtoto aliukoroga na unga wa ubuyu. Jirani mmoja alimcheka, eti analisha watu majani kama mbuzi. Mama akamjibu, "Wajaze wanao ugali mtupu. Leo watashiba, kesho kutwa uje unionyeshe miguu yao ilivyovimba."

Lakini kilichomshikilia mdogo wangu hasa kilikuwa maziwa, na ng'ombe hakuwa wetu. Kwetu mwenye ng'ombe wengi huwagawa kwa jamaa wamtunzie. Anayetunza anakunywa maziwa, mwenyewe anabaki na ng'ombe wake na ndama. Huyu wetu alikuwa wa binamu yake baba. Mama alimwita shemeji, mimi nilimwita baba mdogo.

Akaja asubuhi moja, kelele zake zikamtangulia kama kawaida.

"Mbukwa, shemeji! Bado hujapata mume mwingine?"

"Nani ataoa mifupa? Labda wewe, maana macho yako mabovu."

Wakacheka. Mama akampa maziwa. Akakaa ameshika kibuyu mkononi, hanywi. Mama akaacha kucheka.

"Sema basi."

"Akida anataka ng'ombe. Wangu wote wameshakwenda. Amebaki huyu."

"Chukua ndama."

"Nikipeleka ndama watanicheka, shemeji. Wanataka nyama ya askari. Nisipompeleka ng'ombe watanipeleka mimi."

"Na huyu mtoto je?"

Baba mdogo alimtazama mtoto, akatazama chini. Hakuwa mtu mbaya. Akakirudisha kile kibuyu, maziwa yakiwa vilevile.

"Basi niache nimkamue," mama akasema.

"Kamua, shemeji. Kamua mpaka mikono ichoke."

Alipoondoka na ng'ombe na ndama wake, mama aliyamimina yale maziwa kwenye kibuyu kikubwa, juu ya mgando wa siku zilizotangulia, akakaa chini akasukasuka. Siagi aliyopata aliiyeyusha ikawa samli, ikaingia kwenye kibuyu kidogo cha shingo nyembamba. Akakitundika juu ya kitanda.

"Hii ni ya mdomo wa mdogo wako," akaniambia. "Wewe ukiionja nitakuvunja vidole."

Sikuionja. Kila alipopakua mlenda wa mtoto alichovya ncha ya kijiti kwenye samli, akakitikisa juu ya mboga. Basi. Mlenda ukateremka, mtoto akala, akaendelea kutembea akishika ukuta. Mama alitaka imfikishe kwenye mvua, majani mabichi yachipue.

Ndipo bibi akaja, mama yake baba. Alimwona mtoto akapiga makofi.

"Mtoto gani huyu amepauka kama majivu? Mnamtia mwanangu aibu huko aliko."

Kwetu mtoto akilegea, mama wa baba yake ndiye anayempaka samli na kumsemea kwa wazee waliokufa. Bibi akatazama juu ya kitanda.

"Nipe kile kibuyu."

"Mama, hiyo ni mboga yake."

"Mboga imemfanya nini? Utanifundisha wewe kupaka watoto? Mumeo nilimpaka akapona, ndiyo maana ukapata wa kukuoa."

Mama mkwe habishiwi, tena juu ya damu yake mwenyewe. Akakiteremsha kibuyu akampa kwa mikono miwili.

Bibi alimpaka mtoto utosini, mgongoni, mpaka nyayo, akisema maneno yake taratibu. Alimpaka kwa upendo, nisimsingizie. Kibuyu alikipangusa ndani kwa kijiti, kisibaki kitu. Mdogo wangu akafurahi. Akaanza kulamba mkono wake mwenyewe, na bibi akampiga kofi dogo.

"Usilambe dawa."

Mtoto aling'aa siku ile. Vumbi likamshika, mama akamwogesha, ikaisha. Mlenda mkavu mtupu ukawa unamkwama, anautema. Uji akaunywa kidogo, kisha akaacha. Akaacha ukuta, akawa mtu wa kukaa, baadaye wa kulala. Mvua hazikumkuta.

Tuliporudi kutoka kuzika, bibi alilia sana. Alikuwa amekaa kizingitini, kanga hatukuwa nazo, anajifuta kwa kiganja.

"Samli ilikuwa kidogo," akasema. "Ingekuwa nyingi angepona."

Mama alikuwa amesimama ananawa udongo.

"Ndiyo, mama," akasema. "Ingekuwa nyingi."

Kisha akanigeukia akaniambia nitwange. Bibi alikuwa mgeni wetu, na tangu asubuhi hakuwa amekula.